Harufu ya Saratani ya Figo na Swali Linaloulizwa Mkojo

Mwaka 2004 jarida la tiba la BMJ la Uingereza lilichapisha jaribio ambalo mbwa 6 walifundishwa kunusa mkojo na kuutambua ule wa mgonjwa wa saratani ya kibofu. Kila mara mbwa aliwekewa sampuli 7, moja tu kati yake ikiwa ya mgonjwa, na alitakiwa kulala kando ya ile aliyoichagua. Kwa kubahatisha tu angepatia mara 1 katika kila mara 7, yaani kama asilimia 14. Mbwa hao walipatia mara 22 katika 54, sawa na asilimia 41. Hata hivyo, si asilimia hiyo inayonirudisha kwenye jaribio hili kila mara. Wakati wa mafunzo, mbwa waliukazania mkojo wa mtu aliyewekwa katika kundi la wasio na saratani, kwa kuwa kibofu chake kilikuwa kimeshachunguzwa na kuonekana safi. Ingekuwa rahisi kusema kwamba mbwa wamekosea. Daktari wake alipata wasiwasi, akaagiza vipimo zaidi, na uvimbe wa saratani ukapatikana kwenye figo.

Kisa hicho kina mambo mawili ndani yake, na ni kawaida kulitaja la kwanza na kuliacha la pili. La kwanza ni kwamba saratani iliyo ndani ya figo inaweza kuacha alama kwenye hewa inayopanda kutoka kwenye mkojo. La pili ni kwamba alama hiyo ilimfaa mtu ambaye tayari alikuwa mikononi mwa daktari, aliyeweza kurudishwa kwenye vipimo bila kuchelewa, na ambaye jibu la mbwa halikuwa hukumu bali sababu ya kumtazama tena. Watafiti wengi wamelishughulikia jambo la kwanza kwa bidii kubwa. Makala hii inahusu zaidi la pili, kwa sababu naamini ndilo litakaloamua kama kipimo cha harufu kitaokoa figo na maisha ya watu au kitabaki katika majarida.

Haja yenyewe haina ubishi. Takwimu za dunia za mwaka 2020 zilikadiria wagonjwa wapya wa saratani ya figo kuwa kama 431,000 na vifo kama 179,000. Figo imejificha nyuma ya tumbo, imezungukwa na mafuta, na uvimbe unaweza kukua humo kwa miaka bila kuuma wala kuzuia chochote. Dalili tatu zinazofundishwa vitabuni, yaani maumivu ya ubavu, damu kwenye mkojo na uvimbe unaogusika kwa mkono, hukutana zote kwa wagonjwa wasiofika 10 kati ya 100, na zinapokutana ugonjwa mara nyingi umeshakwenda mbali. Zaidi ya nusu ya wagonjwa siku hizi hugundulika kwa bahati, mtu akiwa amekwenda kupigwa picha ya tumbo kwa sababu nyingine kabisa. Tofauti ya kuwahi na kuchelewa ni kubwa mno. Kwa takwimu za Marekani, uvimbe ukiwa bado umo ndani ya figo, zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100 huwa hai baada ya miaka mitano; ukishasambaa hadi viungo vya mbali, hawafiki 20. Mpaka sasa hakuna kipimo cha damu wala cha mkojo kinachotumika kwa kawaida kuutafuta ugonjwa huu kwa watu wasio na dalili.

Kwa nini basi tuitegemee harufu? Sababu ni kwamba saratani hii, pengine kuliko saratani nyingine nyingi, ni ugonjwa wa umetaboli, yaani wa namna seli inavyotumia chakula na hewa. Aina yake iliyo ya kawaida zaidi, ambayo ni karibu robo tatu ya saratani za figo kwa watu wazima, huitwa ya seli angavu, kwa sababu seli zake zimejaa mafuta na glikojeni, yaani sukari iliyowekwa akiba, ambavyo huyeyuka wakati wa kuandaa kipande cha nyama kwa ajili ya darubini na kuacha seli ikionekana tupu. Katika wagonjwa wengi wa aina hii, jeni iitwayo VHL imeharibika. Kazi yake ni kusaidia kuondoa protini ziitwazo HIF, zile zinazoipa seli taarifa kwamba oksijeni imepungua. Jeni hiyo isipofanya kazi, protini hizo hurundikana na seli huishi kana kwamba inakosa hewa ilhali hewa ipo: huita mishipa mipya ya damu, huchoma sukari kwa njia ya haraka isiyohitaji oksijeni, na hujilimbikizia mafuta. Ugunduzi wa namna seli zinavyoihisi oksijeni ndio uliowapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019, na saratani ya figo ilikuwa mojawapo ya milango iliyowafikisha hapo. Seli inayopika kwa njia isiyo ya kawaida haiwezi kutoa moshi wa kawaida. Mafuta yanayooksidishwa huvunjika na kutoa kemikali za kundi liitwalo aldehaidi. Njia ya sukari iliyozidiwa hutoa mabaki yake yenyewe. Na baadhi ya masalia hayo ni mepesi kiasi cha kugeuka mvuke katika joto la kawaida. Hayo ndiyo tunayoweza kuyaita kemikali tete.

Wazo la kuyasoma si geni. Tangu zamani waganga wamenusa pumzi ya mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa na kuhisi asetoni, na pumzi ya mtu ambaye figo zake zimeshindwa na kuhisi mkojo. Mwaka 1971 mwanakemia Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba pumzi ya binadamu ina kama kemikali 250 zinazoweza kutenganishwa kwa mashine, na kwamba mvuke wa mkojo nao una idadi inayokaribia hiyo. Kuanzia hapo swali halikuwa tena kama miili yetu inatoa harufu zenye habari, bali namna ya kuzisoma.

Inafaa kuitazama kazi hiyo kwa karibu, kwa kuwa udhaifu wa tafiti nyingi huanzia hapo. Mkojo uliohifadhiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 80 chini ya sifuri huyeyushwa, zikapimwa mililita chache na kutiwa katika kichupa cha kioo. Huongezwa chumvi, kwa sababu maji yaliyoshiba chumvi huzisukuma kemikali hizi zitoke kwenye kimiminika na kupanda kwenye hewa iliyo juu yake. Kichupa hufungwa kwa kizibo cha mpira na kupashwa moto wa wastani, kisha sindano iliyobeba uzi mwembamba wenye tabaka la kunasia hupenyezwa kwenye kizibo na kuachwa ining'inie katika hewa ile bila kuugusa mkojo. Baada ya muda uzi hupelekwa kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, ambako joto hukifukuza kilichonaswa kiingie katika bomba refu, jembamba mno, na kila kemikali husafiri humo kwa mwendo wake. Inayofika mwisho hupasuliwa, na vipande vyake hupimwa uzito ili kuitambua. Kinachotoka ni mchoro wa vilele, mamia kwa mgonjwa mmoja, na mtafiti hulinganisha vilele vya wagonjwa na vya wasio wagonjwa akitafuta vinavyotofautiana.

Sasa fikiri ni vitu vingapi vinavyoweza kuinua au kushusha kilele kimoja kabla saratani haijatajwa. Sigara huacha kemikali zake, na wavutaji ni wengi miongoni mwa wagonjwa kwa kuwa sigara yenyewe ni chanzo kimojawapo cha ugonjwa. Dawa za shinikizo la damu hali kadhalika, kwani shinikizo la juu nalo ni kihatarishi. Mkojo uliochelewa kuwekwa kwenye ubaridi hupata bakteria, nao huanza kupika vyao. Hewa ya chumba cha hospitali ina mvuke wa dawa za kusafishia. Chombo cha plastiki hutoa harufu yake. Iwapo mkojo wa wagonjwa ulichukuliwa wodini asubuhi kabla ya upasuaji, wakiwa hawajala tangu usiku, na ule wa watu wenye afya ukachukuliwa mchana kwenye ofisi, mashine inaweza kuyatenganisha makundi haya kwa usahihi wa kushangaza bila kuigusa saratani hata kidogo.

Tafiti zenyewe zipo na ni za watu makini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Porto nchini Ureno wameufuatilia mkojo wa wagonjwa wa saratani ya figo kwa miaka kadhaa, na wameeleza makundi ya aldehaidi na ketoni (kundi ambalo asetoni imo) yanayotofautiana kati ya wagonjwa na wasio wagonjwa. Miongoni mwa kemikali zilizojitokeza katika kazi yao imo 2-oksopropanali, ambayo huzaliwa kando ya njia ile ile ya kuchoma sukari ambayo seli za saratani hii huitegemea. Habari hiyo inatia moyo kwa sababu kemikali na biolojia vinaelekea upande mmoja. Nyingine inayotajwa katika kazi za aina hii ni para-kresoli, na hapo mimi husita. Para-kresoli hutengenezwa hasa na bakteria wa utumbo wanaposaga protini, na kiwango chake mwilini hutegemea sana uwezo wa figo wa kuitoa. Ikibadilika kwa mgonjwa wa saratani, huenda haituambii chochote kuhusu uvimbe; huenda inatuambia tu kwamba mgonjwa ana umri mkubwa, figo zake zimechoka kidogo na mlo wake umebadilika.

Kuna ugumu mwingine ambao hautajwi inavyostahili. Uvimbe kwa kawaida uko katika figo moja tu, na mkojo wa figo zote mbili huchanganyika katika kibofu, kwa hiyo sehemu kubwa ya kila tunachopima imetoka katika nyama isiyo na ugonjwa. Tena saratani hii huanzia kwenye seli za mirija midogo ya figo, lakini uvimbe ukishakua si lazima umwage mabaki yake moja kwa moja kwenye njia ya mkojo. Mengi huingia kwanza kwenye damu, hupita kwenye ini na mapafu, na hubadilishwa njiani. Ishara inayofika kwenye kichupa ni dhaifu na imeguswa na mikono mingi.

Tuseme hata hivyo kwamba vikwazo vyote hivyo vimeshindwa, na tumepata kipimo kizuri: kinawatambua wagonjwa 90 katika kila 100, na kinawaambia ukweli watu 90 katika kila 100 wasio na saratani. Je, tuwapime watu wote wenye umri mkubwa? Picha za ultrasaundi zilizopigwa kwa watu wasio na dalili zimeonyesha kwamba saratani ya figo hupatikana kwa mtu kama 1 katika kila 1,000. Katika watu 100,000, basi, wapo wagonjwa 100. Kipimo chetu kitawapata 90 na kuwakosa 10. Lakini katika wale 99,900 wasio na ugonjwa, kitawatia hofu watu 9,990. Kwa kila mtu aliyeambiwa kwamba mkojo wake una dalili, uwezekano wa kuwa kweli ana saratani haufiki 1 kati ya 100. Wote watahitaji picha, na picha hizo zitafumbua mambo mengine madogo ambayo nayo yatadai picha nyingine. Hesabu hii haitokani na ubovu wa kipimo. Inatokana na uchache wa ugonjwa, na hakuna mashine inayoweza kuubadilisha.

Tunao mfano wa kweli, tena wa mkojo. Katika miaka ya 1980 Japani ilianza kuwapima watoto wachanga wote wenye umri wa miezi 6, ikitafuta katika mkojo wao mabaki ya kemikali zinazotolewa na neuroblastoma, saratani ya watoto inayotokana na seli za neva. Kipimo kilifanya kazi kama kilivyokusudiwa, na uvimbe ulipatikana kwa wingi, mdogo na wa mapema. Kilichokosekana ni upungufu wa vifo uliotarajiwa. Mwaka 2002 tafiti kubwa mbili, moja ya Quebec nchini Kanada na nyingine ya Ujerumani, zilionyesha kwamba kuwapima watoto hakukupunguza vifo. Uvimbe mwingi uliokuwa ukikamatwa ni ule ambao ungenywea wenyewe, na ule mkali uliendelea kuchomoza kwa wakati wake. Japani iliusimamisha mpango huo mwaka 2004. Nyuma ya takwimu hizo kuna watoto waliofanyiwa upasuaji na kupewa dawa kali kwa ajili ya ugonjwa ambao usingewadhuru. Kila anayeandika kwamba kugundua mapema ni bora siku zote angepaswa kuwakumbuka watoto hao.

Figo nayo ina uvimbe wa namna hiyo. Katika uvimbe mdogo usiozidi sentimita 4 unaopatikana kwa bahati kwenye picha, kama 20 kati ya 100 si saratani kabisa, na hata ulio saratani mara nyingi hukua polepole, wastani wa milimita 3 hivi kwa mwaka. Picha haiwezi kila mara kutenganisha ulio salama na usio salama. Biopsi, yaani kuchukua kipande kidogo cha uvimbe ili kichunguzwe, husaidia, lakini ni sindano ndani ya kiungo chenye damu nyingi, na safari nyingine hurudi bila jibu. Matokeo yake ni kwamba watu hukatwa figo au sehemu ya figo, kisha maabara ya hospitali huwaambia kwamba kilichotolewa hakikuwa na madhara. Hapa ndipo ninapoona mahali pa kwanza pa kipimo cha harufu: katikati ya picha na kisu.

Turudie hesabu ile ile hapa. Katika watu 100 wenye uvimbe mdogo, 80 wana saratani na 20 hawana. Kipimo chetu kitawatambua 72 kati ya 80 na kuwaondolea shaka 18 kati ya 20. Watakaoambiwa kwamba wako salama ni 26, na kati yao 8 wana saratani. Idadi hiyo ni kubwa mno kwa kumruhusu mtu aende nyumbani asirudi. Haizidi, hata hivyo, kwa mtu anayebaki chini ya uangalizi, anayepigwa picha baada ya miezi kadhaa, na ambaye uvimbe wake ukikua utaonekana kabla haujasambaa. Mkojo haukati kauli peke yake. Unaongeza neno katika mazungumzo ambayo picha, umri, hali ya figo ya pili na matakwa ya mgonjwa tayari yameshaanza. Nakiri kwamba swali hili ni gumu zaidi kwa mashine, kwa kuwa kutofautisha saratani na uvimbe mwingine wa figo ile ile si sawa na kutofautisha mgonjwa na mtu mwenye afya. Hilo ndilo linalonifanya nilalamike kwamba tafiti nyingi zimechagua swali jepesi.

Mahali pa pili ni kwa wale ambao hatari yao inajulikana. Mtu aliyerithi kasoro ya jeni ya VHL anaweza kupata uvimbe mwingi katika figo zote mbili, na madaktari wake huusubiri ule mkubwa zaidi ufike sentimita 3 ndipo wafanye upasuaji, ili figo idumu iwezekanavyo. Maisha yake ni ya picha baada ya picha tangu ujana. Mtu aliyekwisha kutolewa figo moja kwa saratani naye huishi akingoja, kwa sababu sehemu ya wagonjwa kama yeye hurudiwa na ugonjwa. Kwa watu hawa harufu ina faida ambayo haipatikani kwingine: kila mmoja anaweza kulinganishwa na yeye mwenyewe. Hatuhitaji kujua kiwango cha kawaida cha aldehaidi kwa binadamu wote. Tunahitaji kujua kama cha mtu huyu kimebadilika tangu mwezi fulani alipokuwa salama. Sigara, mlo na bakteria wa utumbo bado vitaleta vurugu, lakini ni vurugu za mtu mmoja anayejulikana.

Upasuaji pia unatupa njia ya kuijaribu harufu yenyewe. Ikiwa kweli inatoka kwenye uvimbe, inapaswa kufifia uvimbe ukiondolewa. Mtego uko hapo hapo, kwa sababu kuondoa figo hubadilisha namna mwili unavyosafisha kemikali zote. Ndiyo maana wagonjwa hao wangelinganishwa na watu waliotoa figo moja ili kumsaidia ndugu, ambao nao wamebaki na figo moja bila kuwahi kuwa na saratani. Kinachofifia kwa wagonjwa na kubaki vile vile kwa wachangiaji wa figo ndicho chenye haki ya kuitwa harufu ya saratani. Kundi la kulinganisha nalo lisiwe la vijana wenye afya, bali la watu wanaofika kliniki ile ile kwa mawe ya figo, maambukizi, vifuko vya maji na shinikizo la damu, na mkojo wao uchukuliwe kabla yeyote hajajua picha itaonyesha nini, kwa chombo kile kile na saa zile zile. Orodha ya kemikali iliyopatikana katika hospitali moja ijaribiwe katika nyingine bila kubadilishwa hata moja. Ni kazi ya kuchosha, na majarida hupenda zaidi orodha mpya kuliko orodha ya zamani iliyothibitishwa.

Nitaulizwa: na wale wasio na uvimbe unaojulikana, wasio na jeni ya kurithi, ambao uvimbe wao unakua kimya leo? Swali hilo ni zito, na jibu langu si kuwatupa. Huko Yorkshire, Uingereza, watafiti waliongeza picha ya tumbo kwa watu waliokuwa tayari wamefika kupigwa picha ya mapafu kwa sababu ya kuvuta sigara. Kati ya watu 4,019 waliopigwa picha hiyo, 10 walithibitishwa kuwa na saratani ya figo. Ni watu wachache, lakini ni zaidi ya mara mbili ya kiwango cha 1 katika 1,000, na walipatikana bila safari ya ziada. Katika kundi kama hilo, ambalo hatari yake imepanda na picha iko mlangoni, mkojo unaweza kuchukuliwa siku ile ile na kuhifadhiwa. Baada ya miaka kadhaa tutajua ni nani aliyeugua, na tutaweza kuufungua mkojo wake wa zamani na kutazama kama harufu ilikuwapo kabla ya uvimbe kuonekana kwenye picha.

Mpaka hapo, mtu aliyeambiwa wiki hii kwamba ana uvimbe wa sentimita mbili na nusu kwenye figo hana kipimo cha harufu cha kumsaidia kuamua. Ana picha, pengine biopsi, na daktari wa kumwuliza kama inawezekana kusubiri. Kichupa cha mkojo wake, kikichukuliwa leo kabla ya kisu na kuandikwa saa kilipochukuliwa, ndicho ambacho utafiti huu unakihitaji.